Jicho Fupi la Mama Feza

Mapendo, mwanangu,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na mvua imenifungia ndani. Baba yako yuko barazani anafunga mzigo wako kwa kamba ya mpira, anaufungua, anaufunga tena, kama vile akiukaza vizuri hutakwenda. Mimi nimekaa mezani na kalamu. Tangu Jumapili nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo. Mara mbili nilianza, na mara mbili niliishia kukuuliza kama umeweka koti la mvua.

Mambo ya koti, ya chandarua na ya maji ya kuchemsha umeyasikia mpaka umechoka, hayamo humu. Na barua hii usiisome kwenye gari. Ukishapita Kashebere, barabara itakutikisa hadi herufi zikukimbie. Isome ukishafika Itebero, ukishapata kiti cha kukalia.

Tangu ulipokuwa na miaka kumi na minne umekuwa ukiniuliza kwa nini Mama Feza aliacha kuja kwetu. Nilikujibu kwamba ni mambo ya wakubwa. Ulipokuwa mkubwa ukauliza tena, nikasema miguu inamuuma. Miguu yake haina neno. Mpaka leo anapanda kilima na jembe begani na mimi nabaki nyuma nahema. Mama Feza aliacha kuja kwa sababu yangu, na sababu yenyewe ni hesabu. Hesabu ya lensi ya jicho, ileile kazi ambayo wewe unakwenda kuifanya.

Unakumbuka alivyokuwa. Mimi nikiwa zamu kwenye kituo cha afya, mgongo uliolalia ulikuwa wake. Alifiwa na mume mapema, akalea watoto wake kwa maharagwe na muhogo wa kile kipande cha shamba kinachoshuka mpaka mtoni. Kabla ya kila msimu wanawake wa mlima wote walimletea mbegu azichague. Aliziona zilizotobolewa na wadudu, aliziona zilizoiva vibaya, alitenga zile zinazopanda miti na zile zinazokaa chini. Lakini siku zote alishika mbegu mbali, mkono umenyooka kabisa, kama mtu anayemwonyesha mwingine. Tulimcheka kwa hilo. Na sindano hakuwahi kuitia uzi, hata akiwa msichana, alikuwa akisema hivyo mwenyewe. Mimi nililijua hilo miaka mingi. Lilikuwa linaniambia kitu juu ya macho yake, kwamba jicho fupi halipati cha karibu, na sikulisikia.

Ulikuwa na miaka kumi nilipotumwa mjini wiki tatu kujifunza kupima macho. Mashine yetu ilikuwa na kalamu nyembamba. Unatia jicho dawa ya ganzi, unagusisha kalamu juu ya kioo cha mbele, inatuma sauti isiyosikika, sauti inarudi, na mashine inakuambia jicho lina milimita ngapi kutoka mbele mpaka nyuma. Kifaa kingine kinapima mviringo wa kile kioo. Kisha unakaa na karatasi. Chukua mia moja kumi na nane, toa urefu mara mbili na nusu, toa mviringo mara sifuri nukta tisa. Kinachobaki ni nguvu ya lensi ambayo daktari ataiweka badala ya ile iliyofunikwa na mtoto wa jicho. Najua utacheka. Ninyi simu inawafanyia yote. Lakini mimi niliipenda fomula ile. Shuleni nilikuwa nashinda wavulana kwa hesabu, halafu miaka kumi na tano nikafunga vidonda na kuhesabu vidonge. Ghafla nikapewa hesabu ambayo mwisho wake mtu anaona. Niliporudi sikutembea tena kama zamani, baba yako alinitania.

Na kwa macho ya watu wengi wa hapa ilifaa. Daktari alikuwa anakuja mara moja au mbili kwa mwaka, barabara ikiruhusu. Mimi nilipima, yeye alipasua, watu walirudi nyumbani bila kushikwa mkono. Nilizoea kusifiwa.

Mama Feza alifunikwa macho yote mawili ndani ya misimu miwili. Alikuja kwangu asubuhi ameshikwa mkono na mkwe wake. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje, wengine wamelala hapo. Nikamlaza, nikapima jicho la kulia. Ishirini nukta tisa. Nikapima tena, ishirini nukta nne. Tena, ishirini nukta sita. Macho niliyozoea yalikuwa ishirini na tatu, ishirini na mbili na nusu. Nikafikiri mashine imeugua. Nikapima jicho la mtu aliyefuata, likatoka la kawaida. Nikarudi kwake.

"Mama Mapendo," akaniuliza, "uko unarudilia sana. Macho yangu iko na nini?"

"Iko madogo tu," nikamwambia.

"Ile najua. Mama yangu alikuwa anayo vile vile."

Nikachukua ishirini nukta sita kwa sababu ilikuwa katikati. Nikafanya hesabu, ikatoka ishirini na sita na kidogo. Sanduku la lensi alilokuwa nalo daktari liliishia ishirini na sita. Nakumbuka nilifurahi. Nilisema moyoni, bahati gani hii, imetosha kabisa.

Sasa nifike mahali panaponichanganya mpaka leo. Katika daftari langu la yale mafunzo, ukurasa wa nne, kuna mstari nilioandika mwenyewe: "Macho mafupi, chini ya 22, usiamini fomula hii peke yake. Uliza docteur." Mwandiko ni wangu, wino ni ule wa bluu niliokwenda nao. Sikumbuki kuuandika. Je, siku ile ya Mama Feza niliukumbuka nikaupita, au nilikuwa nimeusahau kabisa? Docteur Kambere alikuwa ndani anapasua, ningepaswa kugonga mlango. Wakati mwingine najiona nimesimama mbele ya ule mlango, mkono juu, kisha naushusha kwa sababu naogopa ataniona sijui kazi. Wakati mwingine nadhani picha hiyo niliitunga baadaye ili niwe na kosa linaloeleweka. Nimejiuliza mara nyingi hata sijui tena kipi nakumbuka na kipi nimekibuni. Ninachojua ni kwamba sikuuliza.

Alipofunguliwa bandeji nilikuwa hapo. Wewe pia ulikuwa umekuja, umesimama dirishani na sare ya shule.

"Mwangaza!" akasema. "Eee Mungu wangu. Naona dirisha. Naona batu."

Watu wakapiga vigelegele. Kisha akainua mikono yake mbele ya uso, akaigeuza, akaisogeza mbali, akaisogeza mbali zaidi mpaka mkono ukaisha.

"Lakini mikono yangu iko mu moshi."

"Itatoka," nikamwambia. "Jicho ingali na kidonda. Vumilia."

Katika rejista nikaandika: vizuri.

Wiki ya pili akaja. Wiki ya nne akaja. "Mama Mapendo, ile moshi haijatoka." Nikamtia dawa ya matone. Mwezi wa tatu akaniambia neno ambalo sikulielewa, nikaona ni maneno ya mzee tu: "Minaona, lakini siko naona." Akaeleza kwamba zamani, kabla ya kufunikwa, alikuwa akinyoosha mkono mbegu inakuja. Sasa hata akiweka mbegu chini akasimama, haiji. Na sura za watu wa ng'ambo ya uwanja hazina pua. Nilikuwa na ubao wa kupimia macho ukutani, ningeweza kumpima. Nilimpima mara moja, akashindwa mistari mingi, nikajiambia hakusoma, hajui kuonyesha. Lakini ule ubao wetu, wewe unaujua, ni wa alama za kuonyesha kwa kidole, umetengenezwa kwa ajili ya wasiosoma.

Msimu wa kupanda ukaja. Wanawake wakamletea mbegu kama kawaida, wakidhani amepona. Alichanganya. Mashamba matatu maharagwe ya miti yaliota katikati ya yale ya chini, yakayanyonga. Mkwe wake akamwondolea ungo mikononi mbele ya watu. Akasema kwa kucheka, si kwa ubaya, "Mama, pumzika, sisi tutafanya." Lakini unamjua Mama Feza. Ungo ule ndio ulikuwa jina lake kwenye mlima huu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alinikuta uani kanisani nikiwa na wanawake wengine. Hakunivuta kando. Alisema pale pale: "Mama Mapendo, niambie ukweli. Ile kitu baliweka mu jicho yangu, iko yangu ao iko ya muntu mwingine?"

Mwanangu, lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii. Lensi ile ilikuwa ya mtu mwingine kweli, mtu mwenye jicho refu zaidi. Na mimi, kwa kuwa watu wanasikia, nikajibu kwa sauti ya nesi:

"Jicho yako iko muzima, Mama Feza. Niliandika mu rejista. Shida iko uzee. Ao iko kichwa."

Wanawake wawili wakacheka kidogo. Aliniangalia, au aliangalia mahali alipodhani uso wangu upo, pembeni kidogo ya sikio langu.

"Kama njo vile unasema," akajibu, "basi njo vile."

Akashuka njia akitanguliza fimbo. Tangu siku hiyo hakuingia tena nyumbani kwetu.

Mimi nilikasirika, ndiyo. Nilimwona hana shukrani. Nilikasirika miezi mingi, kwa sababu kukasirika kulikuwa kunanisaidia. Barabara ikafungwa, watu wa bonde wakakimbia vita wakarudi, daktari hakuweza kufika msimu mzima na zaidi. Alipokuja hatimaye alikaa na rejista yangu huku anakula ndizi, anapitisha kidole. Kidole kikasimama.

"Huyu mama iko na jicho ya makumi mbili nukta sita?"

"Ndiyo, docteur."

"Na tuliweka lentille ya ngapi?"

"Makumi mbili na sita."

Akaacha ndizi. Akatoa simu, akaingiza namba zangu katika fomula tatu za siku hizi. Nilikuwa nyuma ya bega lake. "Hii inasema makumi mbili na nane na nusu," akasema. "Hii, makumi mbili na tisa na nusu. Hii ya tatu inapita makumi tatu."

"Gani njo ya kweli, docteur?"

"Sijui."

Nilidhani ananitania. Akaeleza, na nilimfanya aeleze mara tatu. Ile fomula yangu ilikuwa kama mstari ulionyooka, akasema, inaenda sawa katikati, lakini kwenye macho mafupi inatoa lensi dhaifu mno. Jicho fupi linahitaji lensi yenye nguvu nyingi, na lensi yenye nguvu nyingi ikikaa mbele kidogo au nyuma kidogo, kidogo kama unene wa ukucha, mtu anaona tofauti kabisa. Na kabla ya kupasua hakuna anayejua kwa hakika lensi itakaa wapi. Kila fomula inakisia. Kwenye jicho la kawaida makisio yanakaribiana, kwenye jicho fupi yanatawanyika.

Kisha akaniomba nimpime mgonjwa mmoja mbele yake. Akaangalia mkono wangu. "Mama, unafinya," akasema. Kalamu yangu ilikuwa inakandamiza kioo cha mbele, kidogo tu, miaka yote minne. Akachukua kikombe kidogo kisicho na kitako, akakiweka juu ya jicho la yule mtu, akakijaza maji, akaingiza kalamu ndani ya maji bila kugusa jicho. Jicho likawa refu kuliko nilivyolipima mimi.

"Kwa hiyo Mama Feza hakuwa na makumi mbili nukta sita," nikasema.

"Pengine alikuwa na makumi mbili nukta tisa. Ile ya kwanza ulipima."

"Basi nilimwekea lensi dhaifu kwa sababu nilifinya?"

"Hapana. Kufinya kunafupisha jicho mu mashine, na jicho fupi linaomba lentille ya nguvu. Kufinya kwako kulisaidia. Bila kufinya, formule yako ingekupa hata dhaifu zaidi."

Nilikaa chini. Nilikuwa na makosa mawili, na moja lilikuwa linalivuta lingine lisiende mbali. Nilitaka kulia na sikujua nililie lipi. Na nikaanza kuwafikiria wote wale niliowapima vizuri, waliokwenda nyumbani wanacheka. Walikuwa wameona kwa sababu nilijua kazi, au kwa sababu makosa yangu yalikutana njiani yakapunguzana? Docteur akaniambia macho ya kawaida husamehe. Hilo halikunituliza. Nilikuwa nimeishi miaka minne nikidhani nasifiwa, kumbe nilikuwa nasamehewa na macho ya watu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Mama Feza na sanduku la vioo vya kupimia miwani. Alikuwa anamenya muhogo kwa kupapasa. Hakunikaribisha kiti. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, ya fomula na mashine. Yote yaliniponyoka. "Mama Feza," nikasema, "jicho yako haina kosa. Kichwa yako haina kosa. Mimi njo nilikosea. Nilihesabu mubaya."

Kisu kikaendelea kumenya. "Miezi yote ile ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Hapana?"

"Sikujua. Lakini sikutaka kujua."

Kuku akapita kati yetu. Nikamwomba ruhusa, nikamvisha ile fremu nzito, nikaanza kuweka vioo. Kwa kioo cha nguvu mbili na nusu aliinua kichwa akatazama ng'ambo. "Ule muti wa Papa Buhendwa balikata matawi," akasema. Kwa kioo cha nguvu tano nikamwekea maharagwe kiganjani. Alichukua moja, akaligeuza, akalitupa. Lilikuwa na tundu. Akachukua jingine. Akaendelea hivyo mpaka kiganja kikaisha, na mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye maganda ya muhogo namshikia fremu isianguke.

Kisha akauliza: "Na hii jicho ingine?"

"Docteur iko hapa. Atapima yeye mwenyewe, kwa maji, haitaguswa."

"Hapana. Utapima wewe."

"Mama Feza, mimi nilikosea."

"Njo sababu. Wewe unajua fasi ulikosea. Docteur hajakosea bado mu jicho yangu."

Sijui hadi leo kama ile ilikuwa huruma au adhabu. Nilipima. Nilipima mara kumi na mbili, hadi maji yakamwagika sikioni mwake na akasema, "Sasa unataka kuniosha?" Ndiyo mara ya mwisho alinitania. Fomula zikasema kati ya ishirini na nane na ishirini na tisa na nusu. Jicho la kwanza, kwa jinsi lilivyotoka, lilidai tuongeze nguvu juu ya hizo. Docteur akaongeza nusu tu ya kile lilichodai. Nikamuuliza kwa nini nusu. Akasema, "Kwa sababu hatujui kosa lote lilitoka wapi. Ukirekebisha lote, pengine unarekebisha na kitu ambacho hakikuwa kosa." Nimelifikiria neno hilo katika mambo mengi yasiyo ya macho. Nilipogombana na baba yako mwaka ule, nilipokupiga kwa ajili ya ile bilauri iliyovunjika. Sina hakika nimelielewa.

Lensi ilibidi iagizwe mjini, docteur akarudi nayo mwenyewe. Jicho la pili likatoka vizuri, linaona mbali bila miwani. Lakini macho mawili hayakupatana. Moja lina lensi yake, jingine lina lensi ya mtu mwingine, na akivaa miwani ya kuyasawazisha yote mawili kichwa kinamzunguka. Kulibadilisha lile la kwanza docteur aliogopa, jicho fupi lina nafasi ndogo ndani, angeweza kulipoteza. Kwa hiyo anachagua mbegu kwa jicho moja, jingine amelifumba. Umemwona akifanya hivyo sokoni, ukaniambia Mama Feza anamkonyeza kila mtu. Ulicheka. Mimi niliingia jikoni.

Alirudishiwa ungo wake. Kwangu hakurudi. Tukikutana ananisalimu vizuri, anauliza habari zako, msimu wa mavuno ananitumia kikapu. Nilikwenda kwake mara nyingi, akanipokea, tukakaa, tukaongea mambo ya shamba. Lakini hajavuka kizingiti chetu. Nilimuuliza mara moja kama amenisamehe. Akasema, "Ile jicho nilisamehe siku ile ile. Muntu anakosea." Nikangoja aseme lingine. Hakulisema, na mimi nilijua ni lipi: uani kanisani, wale wanawake wawili waliocheka. Nilikosea hesabu ndani ya jicho lake, hilo angeweza kulibeba. Lakini alikuja akaniambia anachoona, na mimi nikamwambia haoni anachoona. Kwa hilo sijui kuna miwani gani.

Sikupi somo, Mapendo. Umenizidi kwa elimu, fomula zako zinajua mambo ambayo zangu hazikujua. Nimesikia tu kwamba huko Itebero mashine iliyopo ni ya kalamu kama ile yangu, ya kugusa. Mabenchi yatajaa. Mkono wako utachoka ufinye bila wewe kujua. Nami natamani nikuambie utafanyaje, na ninapotafuta la kusema nakuta swali tu: nani atakuambia umekosea, na utakuwa unamwangalia usoni wakati anakuambia?

Kuna jambo moja bado. Kwa ajili yake hasa nimeandika, na nimelizunguka karatasi zote hizi.

Baada ya Mama Feza nilirudi kwenye rejista yangu toka mwanzo. Nilikuta macho mengine matatu chini ya ishirini na mbili, yote niliyapigia hesabu ileile. Wawili ni wa huku. Niliwatafuta, mmoja nikampima, anahitaji miwani na anayo, mwingine alikuwa amekwisha kufa. Wa tatu ni Papa Mulonda. Alitoka Itebero kwa miguu, ameongozwa na mke wake, siku nyingi msituni. Jicho la kushoto, ishirini na moja nukta mbili, lensi ya ishirini na tano. Alifunguliwa bandeji asubuhi, akasema anaona mwangaza, nikaandika vizuri, na siku hiyohiyo wakaanza safari ya kurudi. Sikumwona tena.

Nilisema nitakwenda. Mwaka wa kwanza barabara ilikuwa mbaya. Mwaka wa pili kulikuwa na vita. Mwaka wa tatu barabara ilikuwa nzuri na sikwenda. Ulipokuja na karatasi ya kazi ukasema, "Mama, wamenipa Itebero," baba yako alishangaa kwa nini niliketi chini. Ulidhani ni kwa sababu ni mbali.

Sijui kama ni haki mama kumpa mtoto wake mzigo huu siku ya kuondoka. Nimelifuta jina lake mara moja kwenye karatasi ya kwanza, nikaanza upya, nikaliandika tena. Huenda ameshakufa. Huenda anaona vizuri, macho mengine husamehe. Huenda amekaa mlangoni kwake miaka yote hii anaambiwa ni uzee.

Muulizie. Ukimkuta, usianze na mashine. Keti, umuulize anaona nini, na lolote atakalosema, liandike kama alivyolisema. Kisha umwambie wewe ni mtoto wa nani. Akikasirika, muache akasirike, usinitetee. Na kama kuna njia ya kunifikishia neno lake, nifikishie, hata liwe gumu, mimi nitakuwa hapa kituoni.

Nasikia sauti yako kwenye njia, unaimba ile ya kuagana. Naikunja barua.

Mimi mama yako, niliyempima Papa Mulonda.